Mwaka Mpya Ndani ya Eda

Mama aliujua mwaka mpya wa kwao kwa kumuuliza baba mwezi umefika tarehe ngapi. Kwao Vietnam mwaka huanza wakati mwezi haupo kabisa angani, na sisi Waislamu tunahesabu kwa mwezi huohuo. Kwa hiyo msimu wa mvua ukikaza, baba akirudi kutoka msikitini, mama alikuwa akimngoja mlangoni na kumuuliza kwa Kifaransa chake kibovu, "Zimebaki siku ngapi?" Baba akisema tatu, mama alikwenda moja kwa moja kutafuta majani ya mgomba.

Baba alikuwa mtu wa Mahajanga, huko Madagaska, wa ukoo uliotoka Ngazija zamani. Wafaransa walimpeleka kupigana Indochina akiwa kijana, akarudi na mke. Mama alikuwa na miaka kumi na tisa alipopanda meli. Aliniambia kwamba alidhani Madagaska ni mji mmoja mkubwa kando ya mto, kama wa kwao, na kwamba angekuwa akienda kuwaona wazazi wake kila baada ya mavuno. Hakuwaona tena. Alisilimu, akapewa jina jingine, akazaa watoto wanne, akazika watatu, nikabaki mimi.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Ampisikina, tulisema Kimalagasi, na Kikomoro cha baba tukiwa na ndugu zake. Kiswahili hiki ninachoandikia nimekipata ukubwani, Unguja, nilikoolewa. Lugha ya mama sikuijua, isipokuwa majina ya vyakula. Nilipomwomba anifundishe alinijibu, "Utazungumza na nani?" Akaendelea kuchambua mchele.

Chakula cha mwaka mpya kinaitwa banh tet. Ni mchele wa kunata uliolowekwa na kuchujwa, ukatandazwa juu ya majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni mpaka yakalainika. Katikati huwekwa choroko zilizomenywa na kupondwa, na juu ya choroko ukanda wa nyama yenye mafuta. Jani huviringishwa likawa nene kama mkono wa mtu mzima, likafungwa kwa kamba za rafia, likachemshwa tangu alfajiri mpaka magharibi inakaribia. Kwao nyama ile ni ya nguruwe. Kwetu mama aliweka nundu ya ng'ombe, na baba alipenda kusema hajaona mahali pengine nundu ikipewa heshima kama ile. Pembeni kulikuwa na achari ya vitunguu vidogo, tangawizi iliyokaushwa kwa sukari, na mchuzi wa dagaa waliovundikwa kwa chumvi ndani ya mtungi, ambao majirani walituomba mara nyingi tuuzike mbali.

Na kulikuwa na nguo. Mama alikuwa na ao dai yake ya harusi, ya hariri nyekundu: kola iliyosimama shingoni, mikono iliyobana, mwili umeshikwa mpaka kiunoni, na kuanzia pale kitambaa kimepasuliwa pande zote mbili mpaka miguuni, juu ya suruali pana nyeupe. Aliivaa asubuhi moja tu kwa mwaka, ndani ya nyumba, milango imefungwa, kwa sababu wifi zake waliona inamchora mwili. Mimi alinishonea yangu kila mwaka, kwa kitambaa chochote kilichopatikana. Mwaka mmoja kilikuwa pazia. Niliichukia. Vifungo vilianzia shingoni, vikashuka kwa mshazari hadi kwapani, kisha ubavuni, na kila kimoja kilichofungwa kilinipunguzia pumzi.

"Simama wima," mama aliniambia. "Nguo hii haimtaki mtu aliyejikunja."

Kisha ukaja ule mwezi wa Desemba, mwaka wa sabini na sita, ambao watu wa asili ya Komoro waliuawa Mahajanga. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliyoyaona niliyaona kupitia ufa wa mlango. Mengine niliyasikia tu. Tulikaa siku kadhaa kambini kwa wanajeshi, tumelala sakafuni, watu mamia. Waliosalimika walianza kupelekwa Komoro kwa ndege na meli. Baba alitupanga kwenye foleni. Tulipofika mbele, mtu aliyekuwa akiandika majina alizishika karatasi za mama, akazigeuza huku na huku. Zilikuwa zimetolewa na serikali ambayo haikuwepo tena duniani.

"Huyu nimwandike wa wapi?" akauliza.

Baba alitushika mikono, akatutoa kwenye foleni. Wiki iliyofuata tulipanda meli ya mizigo mpaka kisiwa cha Nosy Be, kwa dada yake aliyeishi Andoany karibu na soko.

Shangazi alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, na alitupa chumba chake mwenyewe akaenda kulala ukumbini. Alimpenda baba kuliko mtu yeyote aliye hai. Baba alipoanza kukohoa damu, mwaka wa pili wa kukaa kwetu, yeye ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Alipofariki, yeye ndiye aliyemfunika mama kwa nguo nyeupe na kumwingiza chumba cha nyuma akae eda.

Miezi minne na siku kumi. Sheria yenyewe niliisoma baadaye na nikaona ina nafasi ndani yake, lakini eda ya nyumba ile ilikuwa ya shangazi. Mama hakutoka chumbani ila kwenda chooni, na kabla hajatoka shangazi alihakikisha uani hakuna mwanamume. Hakupaka liwa usoni, hakutia wanja, hakugusa manukato. Hilo la manukato lilimtesa shangazi mwenyewe, kwa sababu Nosy Be yote inanukia langilangi; wakipika maua kwenye mitambo, harufu inaingia hata ndani ya mikate. Shangazi alifunga dirisha la chumba cha mama kwa msumari. "Mjane wa ndugu yangu hatanukia," alisema.

Mimi niliachishwa shule ili nimhudumie. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku nzima nilikaa naye kwenye kile chumba chenye joto, mvua inapiga bati, tunatazamana. Wakati mwingine nilijikuta nikimkasirikia kwa sababu tu alikuwa akipumua. Yeye hakulia mbele yangu. Alikaa kitandani ameshika magoti, akitazama mahali palipokuwa na dirisha.

Siku moja alimuuliza shangazi, "Wifi, leo mwezi umefika tarehe ngapi?"

Shangazi alifurahi, akidhani mama anazihesabu siku za eda yake kama mjane mwema. "Ishirini ya Mfungo Tano," alimjibu. "Mungu akulipe subira yako."

Shangazi alipotoka, mama alinishika mkono. "Zimebaki tisa," alisema. Nilielewa, nikaogopa.

Aliomba ruhusa kesho yake. Aliomba vizuri, kwa Kimalagasi, akiwa ameinamisha kichwa: achemshe mikate yake ya mwaka mpya, michache tu, kimya kimya, uani nipike mimi, yeye aifunge kwenye majani humo ndani.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Udongo wa kaburi la ndugu yangu bado mbichi," alisema, "na wewe unataka sikukuu ya makafiri?"

"Si sikukuu, wifi. Siku zile waliokufa wanarudi nyumbani kula. Akija asikute kitu?"

Sijawahi kumwona shangazi akishtuka vile. Alisema astaghfirullah mara tatu. Kisha alikwenda kwenye sanduku la mama, lile lenye nguo nyekundu, akalifunga kwa kufuli na kuutia ufunguo kwenye pindo la salova yake, lile vazi la kujifunga mwilini. "Mwezi unaokuja ni wa maulidi," alisema akiwa mlangoni. "Tutamsomea ndugu yangu Kurani. Hiyo ndiyo riziki yake."

Mama alilala akageukia ukutani, na siku mbili hakula. Nilimwekea wali, ukapoa, nikauondoa. Siku ya tatu nilikwenda sokoni, na mwanamke aliyetuuzia samaki akaniuliza habari za mama. Nilimwambia hali. Akaniambia, "Andilana kuna bibi mmoja ana sura kama ya mama yako. Anawapikia wafanyakazi wa hoteli ya pale ufukweni. Sijui ni Mchina au nini."

Sikurudi nyumbani. Nililiacha kapu langu pale kwa muuza samaki, nikaomba nafasi kwenye lori lililokuwa likirudi kiwanda cha sukari, na kutoka pale nikatembea kwa miguu kwenye tope. Njia nzima nilijiambia kwamba ninamtafutia mama msaada. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa nje. Nilikimbia vipande vingine vya njia bila sababu yoyote, mvua ikinipiga usoni.

Nilimkuta bibi huyo nyuma ya jiko la hoteli, anaparua samaki. Alikuwa mdogo kuliko mama, mweusi kwa jua, amefunga salova kama mwanamke yeyote wa hapa. Sikujua nianzeje. Nikasema maneno mawili pekee niliyokuwa nayo.

"Banh tet."

Kisu kilisimama. Alipangusa mikono. "Banh chung," akasema kwa ukali, na kwa kidole akachora mraba hewani. "Mtoto wa nani wewe?"

Nilimweleza. Alikaa chini juu ya ndoo. Naye aliletwa na askari, mtu wa mji wa Diego, ambaye alimwacha kabla mwaka haujaisha. Alisema hajamsikia mtu akitamka hata neno moja la kwao kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilipomwambia kwamba mama yupo hapa kisiwani, mwaka wa pili sasa, alijipiga kifuani kwa ngumi. Nilimuuliza kama anajua mchele wa kunata unapatikana wapi, maana hata mchele wa kawaida siku zile tulipanga foleni kuanzia asubuhi. Akanichukua nyuma ya banda. Kulikuwa na kipande cha ardhi chenye maji, kikubwa kama mkeka wa watu wawili, kimepandwa mpunga. Mbegu alikuja nayo kwenye pindo la suruali. Kila mwaka alivuna kiasi cha kutosha mikate minne, akaila peke yake.

"Mwambie mama yako ninakuja," alisema. "Atanipokea?"

"Shangazi ndiye mwenye mlango."

"Nitakuja kutoa mkono wa pole," akasema. "Nani anamfukuza mtu wa msiba?"

Nilirudi nyumbani jua linashuka, nikapigwa na shangazi kwa mwiko. Sikumwambia kitu. Mama nilimnong'oneza sikioni, akaketi kitandani wima, akaniomba wali.

Bibi yule alikuja siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Alikuwa amejitanda ushungi, ameshika kikapu chenye mchele wake wa kunata, na alimsalimu shangazi kwa adabu zote za mji. Shangazi hakuwa na la kufanya; alimwongoza mpaka chumba cha nyuma, kisha akaketi kizingitini na tasbihi yake.

Nilidhani watakumbatiana. Hawakugusana. Mama alisema kitu kwa sauti ndogo, bibi akajibu, mama akarudia kana kwamba hakusikia. Halafu maneno yakaanza kuwatoka wote wawili kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema haraka. Kwa Kifaransa na kwa Kimalagasi alikuwa mtu wa maneno matatu matatu, mpole, kama mgeni aliyekaribishwa leo. Yule mwanamke pale kitandani alikuwa mwenye maneno, anakatiza, anabisha, anapiga goti lake kwa kiganja. Nilimtazama nikaona kwamba nimeishi na mama yangu miaka kumi na minne bila kumjua.

Sauti zilipanda. Shangazi aliacha tasbihi. "Wanagombana?" aliniuliza.

"Sijui, shangazi."

Mama alimgeukia, uso umemwiva. "Wifi," alisema kwa Kimalagasi, "anasema mkate uwe wa mraba. Sisi wa kusini tunaviringisha, wao kaskazini wanafanya mraba kama sabuni! Miaka yote hii nimemwomba Mungu aniletee mtu mmoja wa kuzungumza naye, na ameniletea mtu wa kaskazini."

Shangazi aliziba mdomo kwa pembe ya nguo. Mabega yalimtikisika. Akainuka akaenda uani, na nilimsikia akikohoa kule kwa muda, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Aliporudi alikuwa amekwisha amua. Mikate itachemshwa, lakini itagawiwa kwa majirani kama sadaka ya marehemu. Wataisomea Fatiha. Hapatakuwa na sahani ya wafu. Na nguo nyekundu haitavaliwa na mtu aliye kwenye eda. Mama alikubali kila moja kwa kutikisa kichwa. Halafu akasema, "Mtoto hayuko kwenye eda."

Shangazi aliufungua ufunguo kwenye pindo.

Bibi alilala kwetu, na siku ya kupika mimi naye tulikuwa uani tangu alfajiri, tukichochea kuni mbichi chini ya debe, huku mama akipokea majani na mchele kupitia mlango wa chumba na kufunga mikate akiwa kitandani. Alifunga miwili ya kuviringisha, bibi akafunga miwili ya mraba. Moshi ulituumiza macho. Kila baada ya muda mama aliita kutoka ndani, "Ongeza maji!" Hakuweza kuona debe, lakini aliyasikia yakichemka.

Kesho yake asubuhi walinivalisha. Ao dai ile alishonewa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa mwembamba kuliko mimi. Mmoja alivuta huku, mwingine akafunga vifungo. Nilivuta tumbo ndani, nikasimama wima, na hata hivyo mshono wa kwapani uliachia, nikausikia ukipasuka. Nilitaka kuivua. Joto lilikuwa kali, dirisha limepigiliwa, hariri imenishika mbavu kama mikono ya mtu.

"Geuka," mama alisema.

Niligeuka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa na nguo zake nyeupe za eda, nywele zimefunikwa. Aliniangalia kuanzia kola mpaka miguuni, na sikuweza kujua anamwona nani. Kisha akasema kwa utulivu, "Vua. Imetosha." Alianza kulia, kilio cha sauti, cha kwanza tangu baba afe, na bibi wa Andilana akamshika.

Saa chache baadaye shangazi aliingia kufagia. Nilikuwa nimekaa chini, nikaona anachokiona: uvunguni mwa kitanda palikuwa na kisahani chenye vipande viwili vya mkate, achari kidogo, na kikombe cha chai. Mama alikuwa amejifanya amelala. Shangazi aliinama na ufagio, akatulia hivyo. Alikivuta kisahani, akakitazama. Halafu akakirudisha palepale, akatoka, akarudi na kawa, akakifunika.

"Sisimizi," aliniambia, akaendelea kufagia.

Bibi aliondoka mchana uleule kuwahi kazi yake. Mama hakuruhusiwa kumsindikiza hata ukumbini. Alisimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba, akisikiliza viatu vyake vikienda. Walikuwa wamekubaliana: siku mama atakapotoka eda, ataoga, atavaa, na atakwenda Andilana.

Tulikwenda. Zilikuwa zimepita kama wiki kumi. Mama alitembea ile njia kutoka kiwandani akiwa mbele yangu, haraka, ananiita mvivu. Hotelini tulimkuta mpishi mwingine. Bibi yule amekwenda kisiwa cha Reunion, alituambia; familia moja iliyokuwa ikirudi huko iliyapenda mapishi yake, ikamchukua. Ilikuwa mwezi uliopita. Alijaribu kutuma salamu kwa dereva wa lori, lakini dereva alisahau au hakuijua nyumba. Nyuma ya banda mabata walikuwa wakioga kwenye kile kipande cha mpunga.

"Ameondoka," mama alisema. "Vizuri. Vizuri kwake." Akarudia tena tukiwa njiani, bila mimi kumuuliza.

Tuliishi kwa shangazi miaka mingine mitano, kisha tukarudi Mahajanga, nikapata kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi moja bandarini. Mikate tuliendelea kuitengeneza miaka mchele ulipopatikana, na miaka mingine tulitumia mchele wa kawaida uliopikwa ukapondeka, ikawa mibaya. Niliolewa nikaenda Unguja. Miaka ya tisini, mambo yalipolegea, barua ya kwanza ilimfikia mama kutoka kwao: wazazi wamekufa, mdogo wake wa kike yupo. Nilihangaika karibu mwaka mzima nikampatia pasipoti ya Madagaska, ya kwanza maishani mwake, na nikaja nayo Mahajanga pamoja na tikiti.

Aliifungua, akaitazama picha. "Huyu mzee ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mama. Unakwenda kwenu."

Alikaa nayo mapajani. Nilimweleza ndege zitakavyobadilishwa na nani atampokea. Alinisikiliza kwa ile adabu yake ya zamani ya mgeni. Nikaona kwamba hasikii. Nilikasirika, nikamwambia kwamba nimeteseka kuipata, kwamba maisha yangu yote nimemwona amefungiwa, na sasa mlango uko wazi anakaa tu.

"Wifi anaumwa," alisema. "Amepooza upande mmoja. Wamenitumia habari juzi. Nani anamgeuza kitandani?"

"Ana ndugu wengine."

"Hawajui anavyopenda."

Alikwenda Nosy Be. Alikaa na shangazi katika chumba kilekile cha nyuma miezi saba, akimlisha na kumwosha, na shangazi alifia mikononi mwake. Wanawake wa Andoany waliniambia kwamba mama ndiye aliyeomba kumvalisha sanda. Nilipofika kwa mazishi nilimkuta jikoni, mikono imejaa unga, anawapikia wasomaji wa hitima. Tikiti ilikuwa imekwisha muda siku nyingi. Nilimuuliza kama nikate nyingine.

"Kwanza tuwalishe watu," alisema, akanisogezea kinu na twangio.